Nia za Watu kwenye Barabara ya Ngomo

Mtu wa Bukavu anayekwenda Uvira huulizwa kwanza atapitia wapi. Mwenye karatasi za kuvukia mpaka hupita Rwanda, akafuata lami hadi Bugarama, kisha akarudi Kongo kwa Kamanyola. Asiye nazo hushika barabara ya Nyangezi na kuteremka Ngomo, ambako Fuso moja ikikwama huweza kuziba njia tangu alfajiri hadi usiku. Agosti 2024 kikundi chetu kiliteremka Ngomo kwa miguu. Tulikuwa watu wa mashirika ya parokia moja ya mjini: akina mama wa Legio, vijana wa Xaveri, wazee wachache, katekista wetu, na mimi mwalimu wa shule ya msingi. Tulikuwa tunakwenda Uvira, zaidi ya kilomita 100, kwenye misa ya tarehe 18 ambamo wafiadini wanne wa Baraka na Fizi wangetangazwa wenyeheri.

Kuhiji kwa miguu si jambo geni katika nchi zetu. Kila mwaka kabla ya 3 Juni watu hutembea kutoka Kenya, Tanzania na pembe zote za Uganda hadi Namugongo, wanakoheshimiwa mashahidi wa Uganda. Wengine huenda Kibeho nchini Rwanda, mahali ambapo msichana wa shule alisimulia kwamba Bikira Maria alimtokea tarehe 28 Novemba 1981. Tarehe hiyo ya 28 Novemba ndiyo siku waliyouawa wafiadini wetu, miaka 17 kabla. Katekista aliitaja mara nyingi njiani, na sikuchoka kuisikia.

Wanne hao ni Luigi Carrara na Giovanni Didonè, mapadri. Vittorio Faccin, bruda. Na Abbé Albert Joubert. Watatu wa kwanza walikuwa Waitaliano, wamisionari Wasaveri. Wa nne alizaliwa Moba mwaka 1908, baba Mfaransa na mama Mwafrika. Waliuawa mwaka 1964 wakati wa uasi wa Wasimba, wawili Baraka na wawili Fizi, siku moja. Hazikuwa zimetimia wiki sita tangu Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu mashahidi wa Uganda kule Roma, 18 Oktoba. Siku tatu baada ya wanne wetu, Sista Anuarite naye aliuawa Isiro. Watoto wetu wa chama cha Kizito-Anuarite, chenye jina la mmoja wa mashahidi wa Uganda na la sista huyo, huimba majina hayo mawili kila Jumapili, na wengi wao hawajui kwamba historia iliyaleta karibu namna hiyo.

Kabla ya kuondoka, watu wa shirika walituletea nia zao, mambo waliyotaka tuwaombee. Walioweza kuandika waliandika kwenye vipande vya daftari. Wengine walimwambia katekista naye akawaandikia. Alizitia zote kwenye mfuko wa plastiki wa maziwa ya unga, akaufunga kwa kamba ya kiatu na kuuweka ndani ya shati lake. Nilidhani tungezipeleka hivyo hivyo mpaka Uvira na kuziweka mbele ya altare. Yeye alikuwa na utaratibu wake. Katika kila kipande cha njia, kutoka mahali penye jina hadi mahali pengine penye jina, kila mmoja angepewa karatasi moja. Angeisoma mara moja, angeikunja, na angetembea kimya akimwombea mtu huyo peke yake. Tukifika, karatasi zinasomwa kwa sauti, wote tunasali Salamu Maria, zinarudi mfukoni. Rozari ya pamoja ilikuwa asubuhi na jioni. Katikati, kila mtu na karatasi yake.

Mimi nilikuwa na nia yangu mwenyewe, na nilimwomba anipe ruhusa ya kuibeba kwanza: amani ya Kongo. Naye akakubali.

Tulianza kabla ya jua, baada ya misa. Tulipita Nyawera. Hapo ndipo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alipouawa jioni ya 29 Oktoba 1996, katika siku ambazo vita vilikuwa vinaingia mjini na yeye bado anawatetea wenyeji na wakimbizi pamoja. Mimi nilikuwa kijana wakati huo. Tulisimama, tukasali, tukaendelea na barabara ya Panzi. Nilikuwa nikisali kwa moyo wote: Mungu, utupe amani, uwaguse viongozi, uzime vita, utupe amani. Kabla hatujafika kwenye geti la hospitali, ile ambayo Daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, maneno yalikuwa yameniishia. Nilirudia yale yale. Nimeyasema tangu 1996, kanisani na nyumbani, na ulimi wangu unayajua kiasi kwamba unaweza kuyasema huku akili ikihesabu karo ya shule. Nilijilazimisha. Nikaona nasema sentensi, sizungumzi na mtu.

Baada ya Panzi katekista alinipa karatasi ya kwanza. Iliandikwa na baba mmoja wa mtaa wetu: kiwanja chetu kisiporomoke mvua ikirudi.

Kila mkaaji wa Bukavu anaelewa nia hiyo bila kuelezwa. Mji wetu umejengwa juu ya milima inayokwenda na maji. Nyumba zimepandana, na Septemba ikifika watu hulala sikio moja likiwa nje. Nyumba ya baba huyo naijua. Najua ukuta wa mawe alioupanga na wanawe upande wa chini, najua mfereji ambao jirani wa juu ameuelekeza kwake, najua kwamba mke wake huweka nguo za watoto kwenye mfuko mmoja karibu na mlango. Nilisali kwa ajili ya ukuta ule. Nikamwombea jirani wa juu, kisha nikaomba mkono wake uchukue jembe na kuugeuza mfereji. Nikamwombea mama anayeamka usiku kusikiliza udongo. Tulipofika mahali pa kusomea karatasi nilikuwa sijamaliza, na kuikabidhi kulinipa shida.

Nilifikiri juu ya tofauti ya sala hizo mbili hadi Nyangezi. Usiku, tumelala kwenye mikeka katika chumba cha parokia, nilimwuliza mama mmoja mzee wa Legio kama naye yamempata hayo. Akaniambia, "Mwalimu, Mungu anaijua Kongo yote. Wewe unajua nyumba ngapi?" Halafu akalala.

Nyangezi ni misioni ya zamani sana. Wapadri Weupe walifika huko mwaka 1906, na kwa wengi wetu imani ya babu zetu ilianzia pale. Mabruda Wamarist walifundisha huko vizazi vya walimu. Si mbali na hapo, Bugobe, mabruda wanne wa shirika hilo, Wahispania, waliuawa 31 Oktoba 1996, siku mbili baada ya Askofu Mkuu wetu. Walikuwa wamebaki kuwahudumia wakimbizi kambini. Asubuhi tuliwataja kwa majina: Servando, Miguel Ángel, Fernando, Julio. Vijana wa Xaveri hawakuwa wamewahi kuyasikia. Niliona haifai watu waishi karibu namna hii na mahali hapo bila kuyajua majina hayo, na tangu wakati huo nayafundisha darasani kwangu.

Kisha Ngomo. Ni vigumu kuieleza Ngomo kwa mtu ambaye hajaiteremka. Barabara imechongwa kwenye ubavu wa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine genge. Ilikuwa kiangazi, vumbi lilikuwa unga mtupu, likizama hadi kifundoni, na chini yake mawe ya mviringo yanayoteleza. Malori yalipanda kwa kishindo, na kila lori likipita tuliegemea ukuta na kujifunika vitambaa usoni. Vijana wadogo walikuwa wakijaza mashimo kwa mawe na kuwanyooshea madereva mikono. Huko huwezi kusali rozari kwa sauti. Hata moyoni haiwezekani sana, maana akili yote iko kwenye unyayo: hapa, sasa hapa, sasa pale.

Watu waliozoea kusali wamekaa watasema kwamba saa zile zilikuwa bure. Mimi nasema zilikuwa za kweli kuliko zote. Mkononi nilikuwa nimekamata karatasi ya mama ambaye mwanawe alikwenda Shabunda kuchimba dhahabu na simu yake haipatikani tangu Pasaka. Sikuwa na neno lolote la kumwambia Mungu juu ya kijana yule. Nilikuwa na mwili tu, unaotetemeka magotini, unaoshuka. Nikampa Mungu kila hatua kwa ajili ya mguu wa kijana yule popote unapokanyaga, shimoni au njiani. Jasho liliilowanisha karatasi, wino wa bluu ukanishika kiganjani, na jina la kijana likahamia kwenye ngozi yangu likiwa limegeuka kinyume. Nilitembea nalo mchana wote. Nilipokunywa maji nililiona, nilipojipangusa uso nililiona, na kila mara nilimwombea tena.

Kabla ya kuishukia Kamanyola kuna mahali ambapo tambarare yote ya Ruzizi inafunuka kwa mara moja: mto unaokata katikati, Rwanda ng'ambo, mbele zaidi Burundi. Ziwa Kivu liko juu, yapata mita 1,460. Tanganyika iko chini, mita 770 na ushei. Tofauti hiyo ya mita 700 tuliishusha kwa magoti yetu. Joto lilitupokea huko chini kama mlango wa tanuru. Akina mama walivua sweta za Bukavu na kuzifunga kichwani.

Penye barieri moja mbele ya Kamanyola askari kijana alitusimamisha. Umri wake ulikuwa wa wanafunzi niliowafundisha darasa la sita si miaka mingi iliyopita.

"Muko naenda wapi?"

"Uvira, kusali," mama wa Legio akajibu.

"Na miguu?"

"Na miguu, mwanangu."

Alitutazama viatu. Kisha akamsogelea mama, akapunguza sauti. "Mama yangu iko Bunyakiri, anagonjwa macho. Munisaidie kusali." Katekista alitoa kalamu pale pale, akaandika kwenye kipande cha pakiti ya biskuti: mama wa askari, Bunyakiri, macho. Hakumwuliza jina, naye hakulitoa. Karatasi ikaingia mfukoni pamoja na nyingine.

Katika miaka yote niliyokuwa nikiombea amani, sikuwahi kumwombea askari hata mmoja. Niliomba silaha zinyamaze, kana kwamba silaha zinatembea zenyewe. Sasa nilikuwa na mmoja mwenye mama mgonjwa wa macho, na kutoka hapo hadi Luvungi alikuwa wangu. Nilimwombea mama apate kuona. Nilimwombea mtoto asiue. Niliomba asiuawe. Niliomba mshahara wake umfikie na autume nyumbani. Niliomba siku moja apande Bunyakiri akiwa na nguo za kiraia na mama amtambue kutoka mbali. Hiyo pia ilikuwa sala ya amani ya Kongo. Nilikuwa nimeifikia kwa mlango mwingine.

Siku ya Kupalizwa Bikira Maria, 15 Agosti, tulikuwa tambarare. Baada ya misa wenyeji walituletea ugali na ndagala, na bibi mmoja alileta beseni la maji ya moto yenye chumvi kwa ajili ya miguu yetu. Alichuchumaa mwenyewe, akachukua mguu wa kijana mmoja wa Xaveri ambao ulikuwa na malengelenge yaliyopasuka, akauosha polepole, akitoa mchanga kati ya vidole kwa ncha ya kitenge chake, bila haraka na bila kusema lolote. Kijana alitaka kuuvuta mguu kwa haya. Bibi aliushika kwa nguvu zaidi. Alipomaliza aliuliza jina lake la ubatizo, basi.

Jioni ile katekista alitusimulia siku ya 28 Novemba 1964. Mchana gari la waasi lilifika misioni ya Baraka. Bruda Vittorio aliamriwa apande; akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi alikuwa anaungamisha. Aliposikia alitoka nje, naye akaambiwa apande garini. Akamwona mwenzake amelala chini. Akasema kwamba kama ni kufa, afe pamoja na ndugu yake, akapiga magoti kando yake, akauawa hapo. Jioni gari hilo lilifika Fizi, Padri Giovanni akafungua mlango, na huko wakafa yeye na Abbé Albert.

Tulikaa kimya muda mrefu. Mimi nilikuwa nafikiria magoti yale. Padri Luigi angeweza kufikiri juu ya misioni yote, juu ya waumini ambao wangemhitaji kesho. Mbele yake palikuwa na maiti ya mtu mmoja aliyekula naye asubuhi. Akaenda kwake. Sioni kwamba aliacha wengine kwa kufanya hivyo. Naona ndiyo sababu miaka 60 baadaye maelfu ya watu walikuwa barabarani kwa ajili yake.

Njia ya Luvungi hadi Uvira ni ya mashamba ya mpunga, ng'ombe wenye pembe ndefu na jua lisilo na kivuli. Sehemu hiyo nitaipita haraka, maana miguu yetu ilikuwa imezoea na kila karatasi ilikuwa imeshabebwa na zaidi ya mtu mmoja. Tulizijua kwa kichwa. Lakini Sange siwezi kuiruka. Usiku wa 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakaja na bidoni kukinga petroli, likalipuka. Walikufa zaidi ya 200, wengi wao wakiwa watu waliokuwa wamejazana wanatazama Kombe la Dunia. Si mbali, Mutarule, usiku wa 6 Juni 2014, zaidi ya watu 30 waliuawa, baadhi wakiwa katika ibada. Katika gari nilikuwa nimepita Sange mara nyingi, na kila mara abiria walinyoosha kidole dirishani kisha mazungumzo yakarudi kwenye bei ya ndagala. Kwa miguu Sange ina urefu. Unapita nyumba, halafu nyingine, watoto wanakufuata, mwanamke anakusalimia, na unajua kwamba kila mtu mzima hapo ana mtu aliyempoteza usiku ule. Tulisali hatua kwa hatua mpaka nyumba ya mwisho. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika mpunga aliuliza tunamwombea nani. Tulipomjibu, alituma mtoto ndani alete maji, na yeye mwenyewe akaongeza majina mawili.

Uvira ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wametoka Fizi, Baraka, Bukavu, Burundi, wengine kwa mashua. Jumapili 18 Agosti Kardinali Fridolin Ambongo, kwa niaba ya Papa Fransisko, alisoma barua ya kuwatangaza wenyeheri, na picha ya wanne hao ikafunuliwa katikati ya vigelegele vilivyofunika ngoma. Nililia. Mama wa Legio alicheza bila viatu. Wakati wa matoleo katekista hakuweza kufika mbele kwa sababu ya umati, kwa hiyo mfuko wa maziwa ya unga ulipitishwa mkono kwa mkono juu ya vichwa vya watu tusiowajua mpaka ulipopotea machoni petu. Sijui ulifika wapi. Karatasi zilikuwa vichwani mwetu tayari.

Miezi sita baadaye, Februari 2025, waasi wa M23 waliingia Bukavu, na vita vikashuka hadi Kamanyola. Barabara tuliyotembea ikakatika. Nilipata habari kwamba barieri zimehama, kwamba watu wa tambarare wamekimbilia Burundi kwa kuvuka Ruzizi, na kila jina la mahali lililotajwa redioni nilikuwa nimelikanyaga. Sikuhitaji kutafuta maneno. Nilimwombea bibi wa beseni. Nilimwombea mwanamke wa mpunga. Usiku wa kwanza milio iliposikika mtaani kwetu, tukiwa tumelala sakafuni na watoto, nilijikuta naanza Nyawera na kuteremka: Panzi, Nyangezi, Ngomo, Kamanyola, Luvungi, Sange. Katika kila mahali palikuwa na mtu. Sikufika Uvira kabla ya kulala.

Ninajua wapo wanaosema kwamba katika hali kama yetu, kuombea macho ya mama mmoja ni kukwepa mambo makubwa. Nimewasikiliza, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu. Wanaandika matamko, wanadai haki, na kazi hiyo ni ya lazima. Munzihirwa mwenyewe aliandika barua mpaka siku zake za mwisho. Lakini nimeona pia jinsi sisi tunaozungumza daima juu ya mambo makubwa tunavyoweza kumchukia jirani wa upande wa pili wa mfereji, au kabila la pili, bila sala yetu kutikisika hata kidogo. Mtu niliyembeba kwa kilomita kumi siwezi kumchukia, hata nikijaribu. Na ukishambeba mmoja wa aina yake, aina nzima inakuwa ngumu kuichukia.

Shirika letu sasa hukutana Ijumaa jioni, mapema, ili kila mtu awe nyumbani kabla ya giza. Kila mmoja hupewa karatasi ya mwenzake na kukaa nayo mpaka Ijumaa nyingine. Kijana wa Shabunda alipiga simu mwezi wa Oktoba mwaka ule wa hija, akiwa mzima, bila dhahabu. Ukuta wa baba yule ulianguka nusu. Jirani wa juu alikuja na wanawe kusaidia kuupanga upya, na mfereji bado wanabishana juu yake. Mama mmoja anayefuata mawese Bunyakiri amekuwa akiuliza sokoni kama kuna mwenye kumjua mama anayeugua macho, ambaye mwanawe ni askari. Mpaka sasa ameelekezwa kwa watatu, na hakuna aliyekuwa yeye. Mmoja kati yao alikuwa haoni kabisa, kwa hiyo watu wa shirika wametafuta namna ya kumpeleka kwa daktari.